Al-Biruni na Pembe Iliyokosekana

  

Leo naomba unipe nusu saa yako baina ya alasiri na magharibi, ule wakati ambao tumbo linanguruma na macho hayabanduki kwenye saa ya ukutani. Nataka kukusimulia maisha ya mtu aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita. Lakini kabla sijafika kwake, hebu tuanzie nyumbani kwetu.

Kwetu ni Rodi Kopany. Kama hupajui, ni pale barabara ya Homa Bay kwenda Rongo inapokutana na ile ya kwenda Ndhiwa. Sisi Waislamu hatuko wengi hapo. Ramadhan ikiingia, familia chache tunakusanyika sebuleni kwa mjomba wangu kusali tarawehe: viti vinatolewa nje, mikeka inatandikwa, watoto wanapangwa nyuma na kuonywa wasicheke. Mwaka huu nilipotoka chuoni nikakuta ubishi wa mikeka. Mjomba amekulia Mombasa, na tangu utotoni amefundishwa kuwa kibla ni kaskazini. Kwa hiyo ametandika kuelekea kaskazini sawasawa. Binamu yangu akatoa simu, simu ikasema geukeni kulia kidogo. Mtu mwingine akatoa yake, nayo ikasema kulia zaidi. (Dira ya simu ikiwa karibu na mabati na nondo huchanganyikiwa, hilo linajulikana.) Mjomba akauliza tangu lini kibla kikatafutwa kwa kitu ambacho jana yake kiliisha chaji. Watu wakacheka, tukasali kaskazini, yakaisha.

Kwangu mimi hayakuisha. Nilikuwa na hamu ya kujua ni nani kati yao aliye sawa, na kwa kiasi gani. Ukitafakari, suala zima ni la pembe moja tu. Simama Rodi Kopany, uelekee kaskazini, kisha ugeuke mpaka uso wako uwe umeelekea Makka. Umegeuka nyuzi ngapi?

Unakumbuka somo la pembetatu la shule ya msingi? Unapewa pembe mbili, unaambiwa tafuta ya tatu. Moja ni nyuzi 70, nyingine 50, basi unazijumlisha unapata 120, unatoa kwenye 180, inabaki 60. Kama huamini kuwa lazima zifike 180, fanya hivi leo kabla ya kuadhini. Chukua karatasi, ukate umbo la sambusa, kubwa kiasi. Chana zile kona tatu, uzipange pamoja ncha kwa ncha. Utaona zimekaa kwenye mstari ulionyooka, bila kuzidi wala kupungua. Kata sambusa nyembamba, kata nene, kata iliyopinda upande, matokeo ni yale yale. Ndiyo maana ukiwa na pembe mbili, ya tatu haiwezi kujificha.

Sasa mtu ninayetaka kukusimulia alitumia umri wake wote kutafuta pembe za namna hiyo, zile zisizoweza kufikiwa kwa kipimapembe. Moja aliitafuta katikati ya ardhi, mahali ambapo hakuna mwanadamu aliyewahi kufika. Nyingine ilikuwa ile ile inayotusumbua sisi sebuleni kwa mjomba.

Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad ibn Ahmad al-Biruni. Alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, pembezoni mwa mji wa Kath katika nchi ya Khwarizm, karibu na mto Amu Darya. Leo sehemu hiyo iko Uzbekistan. Neno birun kwa Kifursi ni nje, kwa hiyo jina lake maana yake ni kama kusema mtu wa nje ya mji. Hakutoka kwenye ukoo mkubwa. Bahati yake ilikuwa mwalimu. Alichukuliwa na Abu Nasr Mansur ibn Iraq, ambaye alikuwa wa ukoo wa watawala wa Kath na papo hapo mwanahisabati wa kupigiwa mfano. Hebu fikiria, mtoto wa mfalme anakaa na kijana asiye na jina, anamfundisha pembetatu!

Akiwa na miaka 17, wakati wengi wetu tunasumbuana na mitihani ya sekondari, al-Biruni alichukua pete ya kupimia iliyogawanywa kwa nusu nyuzi, akapima kimo cha jua la adhuhuri hapo Kath, na kutokana na hicho akajua mji wake uko umbali gani kutoka ikweta. Hilo jua la adhuhuri ndilo lililokuwa kalamu yake maisha yote. Miaka michache baadaye akajitengenezea duara kubwa lenye kipenyo cha dhiraa 15 ili apime kwa uhakika zaidi. Hakufaidi. Mwaka 995 vita vikazuka: amiri wa Gurganj akaivamia Kath, ukoo wa mwalimu wake ukapinduliwa, na kijana wa miaka 22 ikabidi akimbie na kuacha chombo chake nyuma.

Alipitia maisha ya dhiki. Alipokuwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, alijadiliana na mnajimu mmoja kuhusu suala la elimu yao, na yule bwana akamdharau na kumkatalia kwa sababu tu alikuwa maskini. Al-Biruni mwenyewe ameliandika tukio hilo, na ameandika pia kwamba hali yake ilipotengenea baadaye, bwana yule yule akawa mpole. Nadhani kila mwanafunzi aliyewahi kwenda ofisi za watu na viatu vilivyochoka anajua maana ya kisa hiki.

Mwaka 997 alikuwa amerudi Kath kwa muda, na hapo akafanya jambo ambalo mimi kila nikilisoma nashangaa upya. Alitaka kujua tofauti ya longitudo kati ya Kath na Baghdad. Latitudo ni rahisi, unaipata kwa jua au nyota ukiwa umekaa kwako. Longitudo ni tabu, kwa sababu lazima ujue saa ya kwako na saa ya mbali katika nukta moja, na wakati huo hakukuwa na simu wala telegramu. Basi akaandikiana na Abu al-Wafa al-Buzjani, bingwa mzee wa hisabati aliyekuwa Baghdad, wakakubaliana kuungoja mwezi. Usiku wa tarehe 24 Mei 997 mwezi ulipatwa. Kupatwa kwa mwezi huonekana kote kwa wakati mmoja. Mmoja aliandika saa ya Kath, mwingine akaandika saa ya Baghdad, wakalinganisha, tofauti ikawa karibu saa moja. Ardhi hugeuka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa. Kwa hiyo wanaume wawili walioachana kwa majangwa walipata longitudo kwa kutumia mwezi na barua!

Katika miaka hiyo wanazuoni kadhaa walikuwa wamegundua, kila mmoja kwa njia yake, kanuni inayounganisha pembe za pembetatu na pande zinazozikabili, ile tunayoiita leo kanuni ya saini, na si kwenye karatasi tu bali kwenye duara la mbingu pia. Ukazuka ubishi nani wa kwanza: Abu al-Wafa, au al-Khujandi wa Rayy, au Abu Nasr. Al-Biruni aliandika kitabu kizima, Maqalid ilm al-hay'a, akaeleza nani alifanya nini, na akasimama na mwalimu wake.

Kisha akakaa Gurgan kwa amiri Qabus ibn Wushmagir, na huko karibu mwaka 1000 akaandika Al-Athar al-Baqiya, kitabu cha kalenda na sikukuu za mataifa mbalimbali. Aliandikiana pia na Ibn Sina, kijana mdogo kwake kwa miaka kama saba, wakabishana vikali kuhusu falsafa ya Aristotle. Akarudi Khwarizm, safari hii akiwa mtu wa heshima kwenye baraza la mtawala. Miaka mizuri hiyo, na kwa kuwa ilikuwa mizuri haina mengi ya kusimulia.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm. Aliporudi kwake alichukua mali, askari, na wanazuoni, akiwamo al-Biruni na mwalimu wake Abu Nasr. Ghazna iko Afghanistan ya leo, kusini ya Kabul. Al-Biruni hakutiwa pingu, lakini hakuonekana kuwa na ruhusa ya kuondoka. Alikuwa na miaka 44, amepoteza nchi yake mara ya pili.

Tarehe 14 Oktoba 1018 alikuwa kwenye kijiji kinachoitwa Jayfur, karibu na Kabul. Alitaka kupima kimo cha jua na hakuwa na chombo hata kimoja. Katika kitabu chake anakiri kwamba wakati huo alikuwa kwenye dhiki na mtihani mkubwa. Unajua alifanya nini? Aligeuza ubao wake wa kuhesabia, nyuma yake akachora tao la duara, akaligawa nyuzi kwa mkono, akaning'iniza timazi, akapima. Niruhusu nikuulize, wewe na mimi tungekuwa pale, mateka, ugenini, hatujui kesho, tungekumbuka jua?

Huko Ghazna ndiko alikoandika kitabu ninachokipenda kuliko vingine vyake, Tahdid nihayat al-amakin, yaani kuainisha mipaka ya mahali. Alikimaliza mwaka 416 Hijria, sawa na 1025. Lengo lake kubwa lilikuwa kujua kibla cha mji wa Ghazna.

Utasema, kwani watu wa Ghazna hawakuwa wakisali? Walikuwa wakisali, na misikiti ilikuwepo. Lakini al-Biruni aliona watu wengi wanafuata mazoea. Wengine walikuwa wakielekea upande unaovuma upepo fulani, wengine walifuata mawio ya nyota, wengine walishika mwelekeo uliosifika kwenye mji mwingine kabisa wakauhamishia kwao. (Mjomba, ukisoma hapa unisamehe.) Yeye alisema kwa maana: kama tumeamrishwa kuelekea Nyumba ile, na Allah ametupa akili na jua na nyota, basi tujue iko wapi.

Sasa hapa, ndugu msomaji, chukua chungwa, maana sambusa haitoshi tena. Mstari wa kutoka Ghazna kwenda Makka haupo juu ya karatasi, uko juu ya mpira. Chora kwenye chungwa pembetatu: ncha moja juu kwenye kikonyo, hiyo ni Ncha ya Kaskazini. Shuka na mstari mmoja mpaka Makka, na mwingine mpaka Ghazna, halafu unganisha Makka na Ghazna. Pande mbili unazijua, kwa sababu latitudo ya kila mji inakuambia uko mbali kiasi gani na Ncha. Pembe ya juu unaijua, ni tofauti ya longitudo ya miji hiyo miwili. Pembe inayokosekana ni ile ya Ghazna, kati ya mstari wa kaskazini na mstari wa Makka. Hiyo ndiyo kibla.

Na hapa kuna mtego. Kwenye chungwa ule ujanja wa 180 haufanyi kazi. Usiniamini, chora mwenyewe: toka kwenye kikonyo shuka mistari miwili mpaka katikati ya chungwa, kwenye kiuno chake. Kila mstari unakata kiuno kwa nyuzi 90. Mbili tayari zimefika 180, na bado ile ya juu hujaihesabu! Pembetatu ya juu ya mpira daima inazidi 180, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyozidi. Kwa hiyo huwezi kutoa tu. Unahitaji ile kanuni ya pembe na pande iliyohangaikiwa na kina Abu Nasr. Mwalimu alimpa mwanafunzi chombo akiwa Kath, na mwanafunzi akakitumia uhamishoni miaka zaidi ya ishirini baadaye.

Tabu ilikuwa ile longitudo. Mwezi haupatwi kila ukitaka. Basi akajenga mnyororo wa miji kutoka Baghdad mpaka Ghazna kupitia Rayy, Khwarizm na Balkh. Alichukua umbali unaotajwa na misafara, akapunguza kwa ajili ya kona za njia, akaunganisha na latitudo, akapata longitudo mji kwa mji. Halafu akarudi kupitia njia nyingine ili ajihakikishe. Wachunguzi wa leo walioipitia kazi hiyo wamekuta jibu lake limekaribia sana la vipimo vya sasa. Kibla cha Ghazna, ukikipigia hesabu ya leo, kiko magharibi ukishuka kusini kwa nyuzi kama 18. Al-Biruni hakuridhika na njia moja ya hesabu, alionyesha njia kadhaa, na hizo pia akazielezea kwa yule fundi ambaye hajui hesabu ila anataka kuchora mstari kwenye sakafu ya msikiti. Hilo la fundi limenigusa sana.

Nimeahidi pembe ya katikati ya ardhi. Hiyo aliipata India, kwenye ngome ya Nandana, ambayo sasa iko Punjab ya Pakistan. Zamani, wakati wa Khalifa al-Ma'mun, ukubwa wa ardhi ulipimwa kwa kupeleka watu jangwani watembee kaskazini na wengine kusini mpaka nyota ya Ncha ipande au ishuke nyuzi moja, kisha wapime walikotembea. Al-Biruni alitamani kurudia kazi hiyo huko Dihistan lakini hakupata wa kumsaidia wala wa kumgharimia. Pale Nandana akaona mlima unaotazama tambarare kubwa, akasema jangwa la nini.

Kwanza akapima urefu wa mlima kutoka chini, kwa kuangalia kilele kutoka sehemu mbili ambazo umbali baina yake anaujua. Akapata dhiraa 652 na kitu. Kisha akapanda juu na kutazama pale mbingu inapokutana na ardhi. Ukiwa juu, macho yako hayaendi sambamba, yanainama kidogo kuufikia upeo. Akapima mwinamo huo: dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi moja.

Chora sasa. Kilele cha mlima ni kona ya kwanza. Upeo wa macho ni kona ya pili. Kitovu cha ardhi ni kona ya tatu. Mstari wa macho unaigusa ardhi kwa ubavu tu, kwa hiyo pale kwenye upeo pembe ni 90 kamili. Kwenye kilele, pembe kati ya mstari wa kushuka kitovuni na mstari wa macho ni 90 kasoro ule mwinamo, yaani nyuzi 89 na dakika 26. Hii ni pembetatu iliyosimama wima ndani ya ardhi, ni bapa kama karatasi, kwa hiyo sambusa yetu inarudi kazini. Jumlisha: 179 na dakika 26. Toa kwenye 180. Pembe iliyoko kwenye kitovu cha ardhi ni dakika 34! Ile ile aliyoipima juu ya mlima. Mtu amekaa kwenye jiwe Punjab anajua pembe iliyoko maelfu ya kilomita chini ya miguu yake, na kosa la shule ya msingi hawezi kulifanya kwa sababu pembe za pembetatu hazidanganyi.

Kutoka hapo, kwa urefu wa mlima na pembe hiyo, akapata nusu kipenyo cha ardhi: dhiraa 12,803,337. Wataalamu wanabishana dhiraa yake ilikuwa sentimita ngapi. Ukiichukulia kuwa kama 49, unapata karibu kilomita 6,300, na kipimo cha leo ni wastani wa kilomita 6,371. Ni haki pia kusema kwamba hewa hupinda mwanga karibu na upeo, na kwamba dakika 34 ni kitu kidogo sana kukipima kwa vyombo vile, kwa hiyo ndani ya ukaribu huo imo na bahati. Njia yenyewe haina bahati. Mtu mmoja, mlima mmoja, pembetatu moja.

Huko India alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akasoma vitabu vya Wahindu na kukaa na wanazuoni wao, na karibu mwaka 1030 akaandika kitabu kuhusu nchi hiyo ambacho hakiwatukani watu wake. Zaidi ya hayo, aliandika waziwazi kwamba mashambulizi ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi ile na kuzifanya elimu zake zikimbie. Hayo aliyaandika akiishi chini ya mkono wa ukoo huo huo wa Mahmud. Wapo wanaomsifu leo kwa vipimo vyake peke yake, mimi naona ukurasa huo una uzito wa mlima wa Nandana.

Inasimuliwa pia kwamba mjumbe mmoja alikuja kwa Mahmud kutoka nchi za mbali sana, akasema kwao kuna mahali jua halizami na hakuna usiku. Sultani akakasirika, akaona huyo ni mpotofu wa dini. Al-Biruni akaeleza kwamba kwa umbo la ardhi lilivyo, jambo hilo lazima litokee karibu na Ncha. Ndugu zetu wanaofunga Ramadhan ya kiangazi kaskazini mwa Norway wanalijua hilo bila kuambiwa.

Mahmud alifariki mwaka 1030. Mwanawe Mas'ud alimheshimu zaidi, na kwake al-Biruni akaandika Al-Qanun al-Mas'udi, kitabu kikubwa cha elimu ya falaki. Husimuliwa kwamba Mas'ud alimpelekea zawadi ya fedha mzigo wa tembo, naye akairudisha. Mwaka 1036 aliandika orodha ya vitabu vyake, akataja zaidi ya mia moja, na kando yake akavitaja vile ambavyo wenzake waliviandika kwa jina lake. Kumi na mbili kati ya hivyo ni vya Abu Nasr. Yaani mwalimu alikuwa akimtungia mwanafunzi vitabu! Uzeeni macho na masikio vilimpungua, lakini aliandika kitabu cha dawa na mimea akiwa ameshapita miaka 80 ya Hijria. Alifariki Ghazna karibu mwaka 1048 au baada yake kidogo.

Kuhusu kifo chake kuna kisa maarufu. Faqihi mmoja alimzuru akiwa katika pumzi za mwisho. Al-Biruni akamkumbusha suala la mirathi ya mabibi ambalo waliwahi kulizungumza, akamwomba amweleze tena. Faqihi akamhurumia, akauliza kama huu ni wakati wa hayo. Mgonjwa akajibu kwa maana kwamba ni bora aiage dunia akilijua kuliko kuiaga asilijue. Basi akaelezwa, akalirudia, akalihifadhi. Yule faqihi hajafika mbali njiani akasikia kilio nyumbani.

Sasa turudi Rodi Kopany, maana mkeka bado unatungoja. Nilichukua latitudo na longitudo. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, kama nyuzi 0.6, na longitudo ni kama 34.5 mashariki. Makka iko 21.4 kaskazini na 39.8 mashariki. Pembe ya Ncha, basi, ni kama 5.3. Nikatumia kanuni ya pembetatu ya chungwa, nikapata pembe ya Rodi: nyuzi 13 mashariki ya kaskazini. Umbali ni kama kilomita 2,500. Nikaitafuta na pembe ya Makka kwa ajili ya kujistarehesha, ikaja 166. Jumlisha zote tatu uone: zinapita 184. Mtu angetoa kwenye 180 angekosea kwa zaidi ya nyuzi nne.

Na mjomba? Nikaipigia hesabu Mombasa. Jibu: chini ya nusu ya nyuzi moja kutoka kaskazini! Mombasa na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja. Kumbe alifundishwa sawa kabisa. Wazee waliomfundisha hawakukosea hata kidogo. Ni yeye aliyepanda basi akahama na kibla cha Mombasa kwenye begi. Unguja ni kama nyuzi moja na kitu mashariki, Lamu inakwenda kidogo magharibi, na sisi wa huku ziwani tunatakiwa tugeuke kulia. Kama nyuzi 13 zinaathiri swala au haziathiri, hilo waulizwe masheikh, madhehebu yameshalizungumza kwa upana na mimi si mtu wa fatwa.

Nilimwonyesha mjomba karatasi. Akaitazama sana, akaigeuza, akaniambia hesabu yangu inaweza kuwa sawa lakini yeye haijui. Nikaona ana haki. Nikamweleza njia isiyohitaji hesabu. Kila mwaka tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tena tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua husimama juu ya Makka utosini. (Mwaka wenye siku 366 ni siku moja kabla.) Saa ya Makka na saa ya Kenya ni moja, kwa hiyo huna cha kubadilisha. Ukisimamisha mti wima wakati huo, kivuli kinalala kinyume na kibla: simama kwenye ncha ya kivuli, utazame shina la mti, na umeitazama Makka. Mti wa mita mbili kwetu hapa utatoa kivuli cha kama sentimita 84, kinatosha kuchora mstari. Mawingu ya Mei yakituzuia, tutangoja Julai.

Hilo alilikubali. Ameshakata mti mnyoofu na kuuegemeza kwenye ukuta wa jiko, na shangazi ameonywa asiufanye kuni. Mpaka siku hiyo mkeka wake unabaki kaskazini. Binamu yangu anasali nyuma yake, na nimemwona, akishafunga takbira anasogeza kisigino kidogo tu, kulia.